Makao ya Muda kwa Mama Mukwe

Lukafu, mwezi wa pili 1975

Kwa Mukubwa wa Service ya Makao ya Muda, Lubumbashi

Citoyen Mukubwa,

Miye Kapya, fundi wa kushona nguo ku Hewa Bora, ninakusalimia kwa heshima yote. Nyumba yetu ilianguka na mvua. Service yako ikatupakiza mu camion, shiye na machine yangu ya kushona, ikatuleta huku Lukafu, mbali na muji, eti kwa muda. Tulishukuru. Sasa shukrani imekwisha, na nitakuelezea sababu.

1. Mu inchi muzima, service yako ilichagua nyumba ya mama muzazi wa Mwansa, muke wangu. Balisema bantu ba jamaa moja batapatana. Citoyen, kwetu muntu na mama mukwe habaonane uso kwa uso, habakule pamoja, hata jina yake siwezi kuitaja. Kalamu tu njo inaweza kuandika Mama Chileshe. Miaka yote tuliheshimiana muzuri sana, juu yeye alikuwa Lukafu na miye Hewa Bora. Leo kinachotutenga ni kitenge moja, imetundikwa katikati ya nyumba.

2. Akitaka kutoka, anakohoa. Ile njo alama, na miye ninakimbilia mu mahindi. Sasa mafua imemushika. Kikohozi gani ni ya kutoka na gani ni ya mafua, sijui, basi ninakimbia yote. Majirani bameuliza bibi yangu, Mwansa, niliiba nini.

3. Ninakula nyuma ya zizi ya mbuzi. Jana nilikuwa mu mahindi, na mbuzi bakamaliza sombe yangu, majani yote ya muhogo.

4. Suruali za bantu ba Hewa Bora ziko kwangu huku, na benyewe beko kule. Abacost yako pia, ile koti ya kazi, iko huku, Citoyen, na mukono moja tu. Muntu anayekimbia hawezi kushona.

5. Sheria yenu inasema jamaa isiyo na nyumba ipelekwe mbali na kwao. Muzuri. Tangu tuliingia kwake, Mama Chileshe hana tena nyumba. Basi naye apelekwe mbali na kwao. Ninaomba umupokee mu villa yako. Weye si mukwe wake, unaweza kumusalimia kila asubuhi. Na ukikosa nafasi ya kulala, service yako itakupatia makao ya muda, pengine kule Luano, karibu na kiwanja ya ndege.

Unisalimie bibi yako, batoto, karani, na dereva wa camion, hakutuangusha hata ku madaraja.

Ninangoja jibu, mu mahindi,

Citoyen Kapya

P.S. Mbele ya kufunga barua hii, Mama Chileshe alikuja mwenyewe nyuma ya zizi. Alipiga magoti, akaweka mbele yangu bukari, ugali yetu, na kuku muzima, akafunua sahani kwa mukono yake. Kwetu mama mukwe akikupikia hivi, mwiko imekwisha: munaonana, munakula pamoja. Aliniita mutoto wangu. Mama yangu alikufa ningali mudogo, Citoyen, na tangu pale hakuna muntu aliniita vile. Nililia mbele ya ile bukari, na sina haya kukuambia. Tafazali, usimuchukue. Na camion ikija kuturudisha, iwe na nafasi yake, juu bila yeye hatupande.