Chachu Yangu Wameinywa Kuku

Alhamisi, 2 Miyazia
Jamani, kuku wangu wa nyama wanahara! Maranda chapachapa, banda linanuka mpaka barabarani. Na mkesha wa Fasika, Pasaka yetu, yule mpishi wa hoteli ya ziwani anakuja kuwachukua. Krismasi aliwakataa wale waliotangulia, mbele za watu, eti wepesi kama manyoya matupu. Akikataa tena nimekwisha! Jirani yangu Etete Askale wa kwake wanakunya kikavu, safi. Nimemuuliza anawapa nini. Eti chakula na maji. Mwongo! Nimechungulia uani kwake, anamwaga ndoo ya maji ya njano. Nayajua yale. Ersho, maji ya chachu ya kuumulia mkate wetu wa injera!

Ijumaa, 3
Daktari wa mifugo kapita. Kasema tumbo la kuku linataka vijidudu vizuri, vipo vya pakiti, unachanganya na chakula. Kasema pia nitazame vyombo vya maji. Hapo sikusikiliza tena. Vijidudu si ninavyo jikoni, vinatoa povu! Nimekinga ersho yote, nimewanywesha. Mume wangu Getahun kauliza unga tutauumulia nini. Nimemwambia aondoke jikoni kwangu. Kaondoka na bisibisi yake, kanuna.

Jumatatu, 6
Kinyesi kikavu! Nimetangaza kwenye kahawa ya majirani, kuanzia kikombe cha kwanza mpaka cha tatu. Getahun eti ni yeye, kaziba chombo cha maji kilichokuwa kinavuja, kabadilisha na maranda. Nimecheka mpaka machozi. Maskini, anatafuta sifa.

Jumatano, 8
Unga wa tefu haujaumuka. Nimepika hivyo hivyo. Injera bapa, haina jicho, hata kitundu kimoja, kama soli ya kiatu. Getahun kaigeuza, kaigeuza, akasema, "Hii nayo wape kuku." Fasika bila injera! Na mwenye ersho kali mtaani ni nani? Askale. Ee Mariamu!

Alhamisi, 9
Nimeenda, kikombe nimekificha ndani ya shuka. Ikabidi niseme. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Mulunesh wewe! Nilikuwa nasuuza ndoo ya unga, namwaga nje kulaza vumbi! Haya, kuku wako wameshiba, wewe utakula nini?" Lakini kanijazia mpaka juu. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Simlaumu, hata mimi ningesema.

Jumamosi, 11
Mpishi kaja. Kanyanyua mmoja, kanyanyua wa pili, kabeba wote! Askale kapiga vigelegele juu ya ukuta. Nami nikapiga.

Jumapili, 12, Fasika!
Injera macho tele, mchuzi wa kuku mwekundu, mayai ndani. Getahun eti bisibisi yake ndiyo imetulisha. Nimemwacha, sikukuu. Ila nimewaza. Kulaza vumbi? Vumbi gani, na wiki ile mvua ilinyesha! Ananificha huyu. Tena chachu yake inavyoumua! Kama ya kwangu dhaifu iliwaponya kuku, hii yake je! Kesho vifaranga wapya wanakuja. Nimeshawakingia ersho yote, mpaka tone la mwisho. Injera za wiki ijayo? Si Etete Askale yupo!