Malalamiko juu ya Mulango Mumoja wa Kituo Chetu cha Afya

Bukavu, Jumanne, baada ya mvua

Kwa Papa Philémon, Titulaire, mukubwa wa kituo cha afya

Papa Titulaire muheshimiwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wanganga wote. Mimi ni Maman Cibalonza, yule mwenye kuuza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, ngʼambo ya barabara, nikiangalia mulango wenu. Watu wa avenue wananijua kwa kazi nyingine pia: familia ikitaka kuposa binti wa hapa, kwanza inapita kwangu kuuliza habari zake. Neno langu likiwa zuri, ngʼombe zinakuja. Likiwa baya, ngʼombe zinarudi Kalehe zilikotoka. Hiyo kazi ndiyo imenipa heshima mbele ya watu, na ninyi mumeiua. Ninaandika bila hasira, ingawa kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani mulikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa malaria, kikohozi na kupima watoto uzito. Wa nyuma, wenye pazia ya bleu, ulikuwa wa mambo ya SIDA, ndiyo UKIMWI. Mutu akipita pale, hata akijifunika kitenge mpaka puani, jioni avenue yote ilikuwa na habari, na mimi sikuwa nimetoka hata kwenye kiti. Sasa mumefunga ule mulango. Vijana wanaofuata dawa ya kujikinga na SIDA wanakaa benchi moja na maman mwenye mimba na muzee wa kikohozi. Wanaingia pamoja, wanatoka kila mutu na kamufuko ka namna moja. Sasa mimi nitajua namna gani?

2. Hiyo dawa yenyewe haina adabu. Tangu nizaliwe, mwenye kunywa dawa ni mugonjwa. Basi nilimuona Gloire, binti wa Papa Zagabe, anameza kidonge kila asubuhi kwenye robinet ya maji akisubiri bidon ijae. Nikaelewa yote. Familia ya muchumba ilipokuja kuuliza, nikashusha sauti, nikawaambia huyo mutoto amekwisha, iko na SIDA. Wakaogopa sana. Lakini muchumba mwenyewe, Cédric, kijana wa kichwa ngumu, akaja na Gloire kwenu wapimwe wote wawili. Wazima! Kumbe ni dawa ya mutu muzima ili abakie muzima. Eh Mungu wangu, nani alinieleza? Ndoa imefungwa, muziki ulisikika karibu kufika kisiwa cha Idjwi, na mimi sikualikwa hata kwa soda. Tangu siku hiyo hakuna mutu anakuja kuniuliza kitu, isipokuwa bei ya sambaza.

3. Munganga wenu Consolate. Nilimupelekea sahani nzima, na pilipili pembeni, ili tuongee kama wamama wawili. Alikula. Alilamba vidole. Kisha akaniambia mvua ya mwaka huu ni nyingi. Papa Titulaire, mutu anayekula sambaza za mwenzake halafu anafunga mudomo, huo si wizi?

4. Vijana hawana haya tena. Destin, mwenye kuendesha pikipiki za kwenda Kamituga, nilimuuliza mbele ya wateja kama na yeye anameza kile kidonge. Akakubali bila kuinamisha kichwa, akaniita maman kwa heshima zote, kisha akataka kujua kama mimi nimeshapimwa. Mimi! Mujane wa Legio ya Maria! Wateja walicheka mpaka sambaza zikaungua.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, pazia irudishwe. Kama pazia imechanika, wenye kumeza wavalishwe kofia nyekundu. Kama kofia zinakosekana, majina yasomwe kanisani Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, ili watu walinganishe. Na kama hayo yote ni magumu, munipe mimi kiti ndani, kando ya Consolate. Nitasikiliza tu, bila mushahara.

Ninaishia hapa, nikiwaombea afya njema na wagonjwa wa kiasi. Musalimie bibi yako Jeanine, watoto wenu, sentinelle mwenye kulinda usiku na wamama wa usafi. Consolate pia, lakini arudishe sahani.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu na kukuangalia kila siku,

Maman Cibalonza

N.B. Binti wangu Fabiola atakuja kwenu Alhamisi. Iko na miaka kumi na saba. Jana, tukisafisha samaki, aliniambia kwa mudomo wake kwamba iko na rafiki, kijana wa machimbo ya zahabu, na kwamba anaogopa. Nilitaka kumupiga. Kisha nikamuangalia usoni, nikaona bado ni mutoto, nikalia hapo hapo juu ya beseni. Papa, ataingia na watu wote, na mutoto wa jirani mugongoni, wafikiri amekuja kwa kupima uzito. Mumupokee vizuri, musimugombeze. Mutu asijue, zaidi sana yule Clémence muuza ndizi anayekaa kando yangu, maana yule maman iko na mudomo mubaya sana. Na mimi mwenyewe, siku nikija kuuliza habari ya mutoto wa mutu mwingine, munifukuze. Nimesikia saa zingine ile dawa ya kujikinga inaisha. Kama imebakia kidogo, tafadhali mumuwekee ya kwake. Mungu aliniachia huyo tu.