Nenosiri la Vibao Vitano

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, yaani mimi na daftari hili, kwamba leo saa nne asubuhi nenosiri langu la zamani limestaafu kwa heshima zote baada ya utumishi wa miaka kumi na mmoja. Lilikuwa 123456. Halikuwahi kuugua hata siku moja. Limestaafishwa kwa sababu mwenye nalo amepanda cheo: tangu Ijumaa mimi si mchora vibao tu. Ni mwekezaji.

Habari kamili. Mke wangu anauza juisi na barafu. Amejibana mwaka mzima, akanipa pesa nikamnunulie friza. Muuza mafriza akasema mzigo unaingia Jumamosi ya tarehe 15. Sasa pesa zikae wiki mbili zimezubaa kwenye droo? Nikazigeuza sarafu za mtandaoni. Zitakua kimya kimya, friza litanunuliwa, chenji itakuwa yangu. Mama watoto hajui. Hana haja ya kujua. Mshangao ni mzuri kwa ndoa.

Binti yangu mkubwa ni fundi simu. Nilimwambia hii ni akiba yangu binafsi. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanisaidia. Alisema sarafu zisikae kwenye simu yangu, maana simu yangu hufungua kila kiungo inachotumiwa, na mwezi uliopita tu imeahidiwa urithi mara tatu. Funguo zake zote sasa zimo kwenye flashi maalumu yenye kioo kidogo, nje ya mtandao kabisa. Flashi inafungwa kwa nenosiri. Ukikosea mara kumi mfululizo inajifuta yenyewe, na hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Nikamwambia mimi nikosee mara kumi? Alinitazama tu, macho ya mama yake yale yale.

Jumanne, 4 Machi

Kuchagua nenosiri. Kazi ngumu kuliko kuchagua mchumba.

Nilipendekeza siku yangu ya kuzaliwa. Binti akakataa. Namba ya nyumba? Akakataa. "Nampendamkewangu"? Akakiri kwamba hilo mama hawezi kulibahatisha hata apewe miaka mia, lakini wezi wa mtandaoni wamezoea mapenzi. Akasema nichukue maneno matano yasiyofahamiana, ambayo hayajawahi kukaa meza moja, niyapange mstari mmoja. Nisimwambie mtu. Nisipige picha. Niandike kwenye karatasi mbili, nizihifadhi sehemu mbili kavu.

Karatasi! Katika nyumba hii! Mimi hufutia brashi karatasi yoyote iliyo karibu. Nimeshafutia mkataba wa nyumba. Nimeshafutia cheti cha chanjo cha mtoto, ikabidi achanjwe tena, na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Lakini mtu hapewi kipaji bure. Kwenye barabara yetu kuna jengo lenye milango mitano, kuanzia kona hadi bombani: mwoka mikate, mpiga picha, mama mshonaji, kinyozi, muuza nyama. Wote vibao vyao vimechakaa. Nitawachorea vipya bila malipo, kwa sharti moja dogo: jina nachagua mimi. Kila kibao neno moja. Nenosiri langu litaning'inia barabarani mchana kweupe, na hakuna mwizi atakayeliona! Nikilisahau, natembea tu kutoka kona hadi bombani.

Maneno yenyewe siyaandiki humu. Usalama kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na mwoka mikate. Sasa anaitwa MKATE TOFALI. Alisita. Nikamweleza kwamba tofali ni imara, linajenga, linashibisha macho. Akauliza kama linashibisha na tumbo. Nikampigia kivuli cha dhahabu kwenye herufi, akaniletea chai.

Mchana, mpiga picha. STUDIO NGIRI. Huyu ni mtu wa marashi na shati la hariri. Aliliangalia jina, kisha akauliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mshonaji: USHONAJI KITUNGUU. Nikamwambia ni tabaka juu ya tabaka, kama gauni la harusi. Akasema yeye anachokijua kwenye kitunguu ni machozi tu, ila cha bure hakirudishwi.

Kinyozi: KINYOZI RADI. Huyu amefurahi! Amenikumbatia. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alishuka akiwa amenyolewa nusu, akasema atarudi siku nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Muuza nyama. NYAMA GODORO. Alitoka na kisu mkononi. Nilimaliza ile O ya mwisho nikiwa juu ya ngazi, na sikushuka mpaka alipopata mteja.

Kazi imekwisha. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikausoma utajiri wangu kwa sauti ya chini. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuwa na sanduku la pesa lenye urefu wa milango mitano.

Jumamosi, 8 Machi

Manung'uniko. Mwoka mikate anasema wateja wanamuuliza kama bei ni pamoja na saruji. Bibi harusi mmoja amefika mlangoni kwa mpiga picha, akasoma, akageuka, akaondoka na wapambe wake wote. Muuza nyama anasema watu wanaibonyeza nyama kabla ya kununua.

Mke wangu alipita pale na kapu lake. Aliporudi aliuliza, bila hasira, kama nimeanza kuinywa rangi badala ya kuipaka. Kisha akaanza kupima pembe ya jikoni kwa hatua zake, mahali friza litakapokaa. Hatua tatu kwa mbili. Ameshaondoa meza. Anaimba.

Nimepata kazi ya kuchora ukuta wa kliniki, ng'ambo ya mji. Siku mbili, Jumatatu na Jumanne. Mambo yananinyookea.

Jumatano, 12 Machi

Msiba!

Nimerudi leo asubuhi, nimefika kona, nikatazama juu. Plastiki! Plastiki tupu kutoka kona hadi bombani! Ni kazi ya hasimu wangu, yule tunayemwita Printa, mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa mabango. Mtu huyu hajawahi kushika brashi ila ya meno, na hiyo nayo nina wasiwasi nayo. Nilipogeuza tu mgongo amewapa wote mabango ya bure, yenye picha na namba za simu. Kibao changu kimebaki kimoja, RADI, maana kinyozi ana msimamo.

Na si hayo tu. Mwoka mikate amehamia chumba kikubwa cha bombani, wengine wakasogea. Sasa nani alikuwa wa pili? Nani wa tatu? Miaka ishirini napita pale na sijawahi kuangalia milango. Huwa naangalia herufi.

Halafu kichwa changu. Nikishamaliza kibao hukifuta kichwani ili kingine kipate nafasi, la sivyo ningekuwa nimeshapata wazimu zamani. Nakumbuka radi, kwa kuwa bado ipo. Nakumbuka godoro, kwa sababu ya kisu. Tofali. Kile cha mshonaji kiliwahi kunitoka, kikarudi wakati mke wangu anakata kitunguu. Cha mpiga picha hakirudi. Mnyama. Mnyama gani?

Nimejaribu na kiboko, mara mbili, kwa mpangilio tofauti. Nimejaribu na kifaru. Nimejaribu na nyani. Flashi imeandika: yamebaki majaribio sita.

Laiti ningekuwa mtu wa kuandika mambo!

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwendea mpiga picha na kumwomba anikumbushe studio yake iliitwaje wiki iliyopita. Alisema jina lile halitatamkwa tena chini ya dari lake, na nikiuliza mara ya pili ataita polisi. Nikauliza mara ya pili, kwa bahati mbaya. Nikaondoka kwa mwendo wa haraka.

Ilibidi nimwendee Printa, maana yeye ndiye aliyevishusha vibao. Alinikalisha kwenye kiti kifupi. Akasema vibao anavyo, lakini kwanza nitamke mbele ya watu kwamba plastiki ni bora kuliko brashi. Nilifikiria friza. Nilifikiria pembe ya jikoni isiyo na meza. Nikaenda mbele ya kinyozi, watu wakiwa kwenye foleni, nikatamka. Kinyozi mwenyewe aligeuza uso kwa aibu. Mzee mmoja akaniambia mwanangu, pole, maisha ni magumu.

Printa akanipeleka uani. Vibao vipo, kweli. Amevisugua vyote kwa mafuta ya taa na msasa, vimekuwa vyeupe kama sahani. Akanieleza kwamba ana mpango wa kufugia kuku.

Saa saba mchana nimejaribu na nguruwe, na tembo, na fisi. Yamebaki matatu. Nimeificha flashi mahali pake, ndani ya kopo la rangi ya kijani, nikaenda kutembea mpaka miguu ikauma.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kwa kinyozi, mbele ya kioo. Macho madogo, pua pana, nywele zimesimama katikati tu. Nikajitazama. Ngiri! Nikapiga kelele: Ngiri! Kinyozi akasema hakutaka kuwa wa kwanza kusema.

Mbio nyumbani. Mpangilio nao ukaja: niliwapaka wale watu kutoka kona kwenda bombani, mmoja baada ya mwingine, na mwoka mikate ndiye wa kwanza kwa sababu alinipa chai. Nikaandika yote matano, herufi kwa herufi, pumzi nimeishika.

Imekataa.

Ikaandika: yamebaki majaribio tisa. Tisa! Jana matatu, leo tisa! Nilifurahi kidogo. Hata mashine zina huruma na mtu mzima anayelia. Nikarudia. Imekataa, yamebaki manane. Basi sijui kitu. Basi mnyama si ngiri na mimi si mwekezaji.

Mke wangu amepita mlangoni akasema kesho saa tatu tunakwenda kuchukua friza. Amevipanga vikombe vya juisi kwa ukubwa. Vikombe arobaini. Nimemwambia najisikia homa. Akaleta maji, akanigusa paji la uso, akasema ni baridi kabisa. Ningependa kuwa mahali pengine. Popote. Hata kwa muuza nyama.

Jumamosi, 15 Machi

Sasa ukweli wenyewe, bila kuupaka rangi.

Saa mbili asubuhi nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikamwambia mke wangu kila kitu. Friza halipo. Pesa niligeuza sarafu. Sarafu nimezifungia kwenye flashi, flashi imenifungia nje. Nilisema nisamehe, mke wangu, mwaka mzima wa jasho lako nimeutundika barabarani. Sikuwa naigiza.

Yeye alikuwa anafunga kamba za viatu. Alimaliza cha kwanza, akafunga cha pili. Ndipo akaniambia anajua tangu Jumanne ya kwanza. Anasoma daftari hili kila siku nikienda kazini. Anasema ni bora kuliko redio.

Alhamisi jioni, nilipokwenda kutembea, alikaa na binti yetu pale jikoni, flashi wameshaitoa kwenye kopo la kijani. Wakayanakili maneno matano kutoka kwenye kurasa hizi, kwa mpangilio ule ule nilioyaandika: mwoka mikate, mpiga picha, mshonaji, kinyozi, muuza nyama. Flashi ikafunguka mara ya kwanza. Ndiyo maana majaribio yalirudi kumi. Huruma haikuwemo. Wakauza sarafu za kutosha friza, halafu wakabadilisha nenosiri. Kwa hiyo jana nilikuwa sahihi, na mlango ulikuwa umeshabadilishwa kufuli.

Nikauliza kwa nini hakuniambia, siku mbili zote zile nikiteseka. Alisema alitaka kuona kama nitamwambia mwenyewe. Alikuwa amejipa mwisho wa kusubiri, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimebakiwa na saa moja. Alipolisema hilo aliangalia pembeni, nami nikaangalia pembeni, na binti akasema jamani, gari la kubebea linasubiri.

Friza liko pembeni, hatua tatu kwa mbili. Jeupe. Linanguruma. Amelifuta mara nne na ni jipya. Nimeagizwa nikawaombe radhi watu wa milango mitano, na niwachoree vibao vingine kwa majina wanayoyataka wao. Mpiga picha ameshatuma jibu: hapana.

Jumapili, 16 Machi

Nimepiga hesabu kichwani. Sarafu zilikuwa zimepanda kidogo, na baada ya friza na gari zimebaki chache kwenye flashi. Maana yake ni nini? Maana yake mpango wangu ulifanikiwa! Hakuna aliyenipongeza.

Zile zilizobaki zimefungwa kwa nenosiri la mke wangu. Hataki kulitaja. Amesema ni refu, lina nguvu, na halimo kwenye kibao chochote. Lakini nimeishi naye miaka ishirini na sita, namjua mwanamke huyu kama kiganja changu. Asubuhi nimejaribu jina la mama yake na neno juisi, kwa mkupuo mmoja. Yamebaki saba. Kesho akienda sokoni nitajaribu barafu, na keshokutwa jina la yule shangazi yake asiyenipenda.

Mpango huu hataujua safari hii. Daftari nimelihamisha. Nimelificha mahali ambapo hawezi kufikiria kutazama: ndani ya friza, chini ya vikombe.