Zuio la Koti Jeusi

Mtaani walimwita Kwa Mujibu, maana hakuwahi kuomba hata maji ya kunywa bila kuanza na maneno hayo. Sheria hakuisomea. Alikuwa akikaa tu kwenye benchi la nje ya mahakama, akiwasikiliza wanaotoka ndani wakilia, na maneno yao akiyaokota kama kuku aokotavyo mtama. Mungu alimpa sauti ya hakimu aliyelala akashiba usingizi. Koti jeusi alijinunulia mwenyewe. Na kwenye mfuko wa ndani wa koti hilo alificha muhuri wa mahakama, alioupata kwa kuchonga soli ya kandambili na wembe.

Siku moja, kwenye mgahawa wa jirani na mahakama, akamsikia mwenye nyumba mmoja akinung'unikia chai yake. Chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, amekikalia mshonaji, bibi mtu mzima. Mkataba anao, kodi analipa, na hakimu ameshasema aachwe hapo hapo.

Kwa Mujibu akavuta kiti. "Kwa mujibu wa ulivyoeleza, mzee wangu, wewe hukosi haki. Unakosa neno. Unataka ilani, wito, agizo, zuio au amri?"

"Kwani si yote ni karatasi?"

"Mzee! Ilani inakuarifu, unaisoma huku chai unakunywa. Wito unakuita, chai unaiacha. Agizo linakutuma, unakwenda huku umenuna. Zuio linakushika mkono usiguse kitu. Amri sasa..." akashusha sauti, "amri inakuondoa kwenye kiti, na kiti kinabaki."

Mwenye nyumba akameza mate. "Nipe amri."

"Tutaanza na zuio. Huyo bibi tumfungie kazi kwanza. Wateja wakikosa nguo zao watamfukuza wao wenyewe, na mikono yetu itabaki safi. Mimi sitaki makuu. Akitoka, kona moja ya chumba iwe ofisi yangu."

Ofisi! Miaka yote hiyo ofisi yake ilikuwa benchi, na mvua ikinyesha hata benchi hana. Wakapeana mikono.

Koti siku hiyo lilikuwa kwa dobi, lakini karatasi alikuwa ameshazigonga muhuri rundo zima, kama mtu anayekata mboga za wiki nzima. Akaenda na shati na tai. Mshonaji alikuwa ameinama mezani, miwani puani, anashona bitana ya nguo fulani iliyogeuzwa ndani nje.

"Kwa mujibu wa zuio hili," Kwa Mujibu akanguruma, "hakuna kitu kitakachotoka chumba hiki mpaka kesi isikilizwe. Hata uzi! Hata sindano!"

Bibi akapandisha miwani. "Karibu, mwanangu. Hata nguo za wateja?"

"Hasa za wateja."

"Hata hii ninayoshona?"

"Hata hiyo!"

"Na mwenyewe akija kunililia?"

"Alie machozi ya damu. Ukimpa, unakwenda ndani."

"Mimi naogopa sana serikali," bibi akasema, akakata uzi kwa meno.

Kwa Mujibu akatoka anapiga mluzi. Moja kwa moja mpaka kwa dobi.

"Koti lako?" dobi akasema. "Bitana ilichanika, nikalipeleka kwa yule bibi mshonaji aishone. Lifuate tu, litakuwa tayari."

Kwa Mujibu akajipapasa kifua, mahali pa mfuko wa ndani. Mluzi ukakauka mdomoni.

Aliporudi, mlango ulikuwa umejaa watu. Bi harusi mtarajiwa na shangazi zake wanapiga kelele. Katikati yao sajenti wa polisi, mtu mnene, amevaa kaptula ya mazoezi, kwa kuwa suruali yake ya sare ilikuwa humo ndani imefungwa na sheria.

Kwa Mujibu akapenya, akanong'ona. "Bibi yangu, lile koti jeusi..."

"Aa, mwanangu!" bibi akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hata uzi, si ulisema? Unataka bibi yako aende ndani?"

"Kumbe ndiye huyu!" sajenti akamgeukia. "Sasa sikiliza. Mimi nina gwaride. Hapa natoka na kaptula yangu hivi hivi mpaka mahakamani, hakimu aniambie kwa nini amefunga suruali ya serikali."

Na hapo ndipo mwenye nyumba naye akatokea, anasugua viganja. "Vipi, ameondoka?"

Kwa Mujibu akamtazama mwenye nyumba, akaiona kona ya ofisi yake, na meza ambayo hajainunua. Akamtazama sajenti. Akakohoa.

"Kwa mujibu wa... wa huruma ya mahakama, zuio limeondolewa! Nguo zitoke. Na bibi akae hapa mpaka atakapochoka mwenyewe."

"Achoke?" mwenye nyumba akafoka. "Tulikubaliana umtoe! Na kona ya ofisi nimekuahidi!"

"Mlikubaliana na nani?" sajenti akauliza taratibu, mkono ukiitafuta pingu kwenye kaptula isiyo na mfuko.

Mwenye nyumba akaanza kueleza, ulimi unajikwaa. Bibi akamrushia Kwa Mujibu koti lake, naye akalidaka huku miguu imeshaanza safari. Hakupumua mpaka alipofika uchochoroni. Akatia mkono mfuko wa ndani. Haukuingia. Mfuko ulikuwa umeshonwa ukafungwa, mshono mzuri ajabu, na ndani hamna kitu.

Alikaa mafichoni siku kadhaa, kisha uchungu ukamshinda, akaja kuchungulia dirishani. Bibi anashona. Pembeni ya cherehani pameketi kipande cha kandambili, nembo ya mahakama inatazama juu, sindano zimechomekwa kila mahali.

"Karibu, mwanangu," bibi akasema bila kuinua macho. "Umefuata kitu chako? Ingia tu. Sajenti yuko humu ndani anapimwa suruali mpya, atatusaidia kuulizia ni cha nani."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Kwa Mujibu hakuwa na la kuanzia. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye benchi lake. Akalikuta limelowa.