Ombi la Kukausha Ziwa Asubuhi Moja Tu

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Bwawa,

Salamu nyingi. Mimi ni Clifford Neeposh, yule anayeuza soksi na betri kwenye pikipiki ya theluji, hapa kijijini kwetu sisi Wakrii, wenyeji wa nchi hii ya baridi, kando ya ziwa ulilolitengeneza. Usishtuke, leo siuzi kitu. Leo nalalamika.

Shida ni binti yangu Hattie. Kwetu mtoto hakanyagi nje mpaka atolewe: alfajiri anatoka hemani kwa miguu yake, anapita juu ya matawi ya msonobari, anauzunguka mti, anarudi, watu wanakula. Ukoo wetu unatolea watoto Rasi ya Bukini, walipokuwa wakitua mabata bukini. Mimi nilitolewa pale, na mama yangu pia. Sasa Rasi ya Bukini iko chini ya ziwa lako, na Hattie anakaribia miaka mitatu, bado anabebwa. Kwa hiyo:

1. Mgongo wangu. Mtoto anakula kama mkata magogo. Nambeba dukani, nambeba kanisani. Kwenye hoki timu yetu ikifunga wenzangu wanapiga makofi, mimi natingisha kichwa tu, watu wanadhani nashabikia wageni.

2. Afisa wako, yule wa viatu vipya, alikuja kutusaidia. Akashauri tumtolee mtoto kwenye bustani ya ofisi yenu, eti ina nyasi nzuri. Akamwambia mama yangu, "Bibi, ardhi ni ardhi tu."

Mama akamjibu taratibu, "Sawa, mjukuu wangu. Na wewe Krismasi ingia nyumba yoyote tu, mama ni mama."

Afisa akamaliza chai akaenda zake. Mama kaapa: Rasi ya Bukini, au hakanyagi. Na mama akishaapa, hata padri anabadilisha ratiba.

3. Biashara. Mteja akiomba nipunguze bei, Hattie huku begani anampa mzigo bure.

4. Mbele ya safari. Shule hiyo inakuja. Nikakae naye darasani, mimi niliyeacha la nne kwa furaha? Halafu ataolewa. Nimbebe mpaka kwa mume, nimkabidhi, na vijana wa hapa wote wembamba.

Basi naomba kwa heshima: fungua milango ya bwawa, kausha ziwa asubuhi moja, mtoto atembee, kisha jaza tena. Watu wa mjini wakikosa umeme wako, wawashe mishumaa. Sisi tuliwasha miaka na miaka na tulizaana vizuri tu. Ukishindwa, ajiri mbebaji wa kudumu, mwenye kiuno kizima na pensheni. Binamu yangu yuko tayari, udalali tutaongea.

Nisalimie mkeo, walinzi wa lango na yule afisa wa viatu.

Wako kwa heshima na maumivu ya kiuno,
Clifford Neeposh

Nyongeza: Ngoja kwanza. Nimemsomea mama barua, kasema, "We mjinga, ziwa si limeganda?" Kumbe kweli. Jumamosi tunapiga hema juu ya barafu, juu ya Rasi yetu pale pale, tunatandika matawi, tunasimamisha mti, Hattie anatoka. Ukoo mzima utakuwa juu. Sasa wewe unajua na mimi najua: ukipunguza maji, barafu inabaki inaning'inia, chini hamna kitu. Mwaka jana ilimmeza mjomba na pikipiki yake. Mjomba tulimtoa, pikipiki bado. Kwa hiyo lile ombi la milango futa kabisa, usiguse chochote. Barua zetu zote hujawahi kuzisoma. Nakuomba sana, hii nayo usiisome mpaka Jumapili.