Joto la Lundo Langu

Jumatatu, 7 Julai 1975, Ilagala

Lundo langu la mboji limetimiza siku ya tano. Makapi ya miwa kutoka kinu cha kijiji, majivu ya jiko la sukari guru, samadi ya mbuzi. Linatoa mvuke. Jumamosi Bwana Shamba anakuja kulikagua, kisha kijiji kitachagua mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo, nami nagombea. Feliksi ana kiti hicho mwaka wa tatu sasa, pamoja na baiskeli ya kamati. Leo amepita nayo mara mbili, akipiga kengele bila sababu.

Nimewaalika wanakijiji watie mikono wahisi joto. Mama Skolastika alichelewa kuutoa wake. Aliuliza joto hilo hukaa siku ngapi. Swali la mtu makini.

Jumatano, 9 Julai

Wanawake wanane wamejitolea kulifunika lundo kwa majani ya migomba. Walikuja na vikapu vizito. Sikuwaomba. Kura nane hizo. Feliksi alisema takataka za kinu zimenipanda kichwani. Nilimjibu kwamba nitamkumbuka nikiwa juu ya baiskeli.

Ijumaa, 11 Julai

Ajabu. Kitabu cha kilimo kinasema lundo hunywea kadiri linavyooza. Langu limekua. Nimemwandikia mtunzi barua ya kumsahihisha. Tena lina harufu tamu.

Jumamosi, 12 Julai

Bwana Shamba alitia jembe mara moja. Likatoka na kichane cha ndizi zilizoiva. Mara ya pili, kichane kingine. Vilitoka thelathini na viwili. Wamelifanya lundo langu shimo la kuvundikia ndizi za pombe! Makapi yenyewe hayajaoza, kwa kuwa yamefukuliwa kila siku.

Nilipata kura moja. Niliipiga mwenyewe. Nilimwuliza Mama Skolastika kulikoni.

"Usikasirike, Mzee Leodgar. Nyumbani ndizi huiva siku sita, kwako tatu. Ungeshinda, lundo lingepelekwa shambani. Sisi tungevundika wapi?"

Feliksi alikula ndizi nne. Mimi mbili, kwa uchungu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari na kosa nimeliona: lundo lilikuwa dogo. Jipya litakuwa kubwa mara tatu, na joto mara tatu. Nimewatangazia wote pale kinuni. Mama Skolastika alifurahi kuliko wote, nami nimemteua kuwa mlinzi mkuu. Hata Feliksi ameniletea makapi kwa baiskeli ya kamati, safari nne, na mkungu mbichi umefungwa nyuma.

Ameanza kuniogopa.