Phonie Mbele, Satelite Juu

Jumatatu, tarehe 4 Novemba. Kolwezi.

Mi, Kalumba, ndiye nilileta phonie ya kwanza, ile redio ya kuongea na batu wa mbali, mu Kolwezi! Sawa, sikuileta. Nilikuwa nafagia chumba chake. Lakini masikio yalisoma.

Jumamosi mujukuu wangu Abigaëlle anaolewa kule Kisenge. Bila baraka ya babu, ndoa gani hiyo? Kamyo ya Mama Rehema inabeba unga kwenda huko. Njiani rezo ya simu inakufa, kwa hiyo mama anataka mutu mwenye chombo cha kuita msaada, akae mbele na dereva. Batu wengine juu ya mifuko, na mvua imeanza. Feruzi, mupinzani wangu tangu tungali na meno, ana simu ya satelite. Mi nina phonie ya zamani. Vita!

Jumanne, tarehe 5.

Mama Rehema alitupima. Feruzi akapiga: sauti safi. Mi nikafunga waya wa antena ku kamba ya nguo. Phonie ikachachatika kama samaki mu mafuta. Feruzi akauliza, tata, unapika nini?

Cheka tu! Nikamunongoneza mama kwamba satelite inataka kuona mbingu, ndani ya kamyo ni kipofu. Kweli tupu! Mama akaamua: tubebe zote mbili. Phonie mbele. Satelite juu ya mifuko, pamoja na Feruzi mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7. Mu matope, mbele ya Kasaji.

Kamyo imelala tumbo. Feruzi, amelowa kama kuku, anamupigia shemeji yake mwenye trakta. Simu ya shemeji imezimwa. Anapiga tena. Imezimwa.

Zamu yangu. Simu inaita mutu mumoja. Phonie inasikiwa na kila mwenye phonie, hasa kama haimuhusu. Sikuomba msaada: nani anakimbilia shida? Nilitangaza kwamba Kalumba ana kisa cha aibu kubwa ya Feruzi cha kusimulia, à vous, yaani zamu yenu kusema. Loo! Kasaji, Dilolo, hata masista wa misioni: endelea, tata, à vous! Nikajibu: sifungui kinywa mpaka trakta ifike.

Trakta mbili zilikuja. Zilishindana!

Jumamosi, tarehe 9. Kisenge.

Nimebariki! Abigaëlle alilia, mi nikalia zaidi. Mama Rehema ametamka mbele ya wakwe: safari zote, phonie mbele.

Deni la aibu nalo nimelipa hewani usiku kucha. Sikuwa na kisa cha aibu ya Feruzi hata kimoja. Nikasimulia namna bata alinikimbiza mu Musonoi, suruali ikabaki ku waya. Nilibadilisha jina tu.

Jumapili, tarehe 10.

Kamyo haiwaki. Dereva anasema phonie imekunywa betri yote. Wivu! Kesho nitaomba betri kubwa zaidi. Dilolo wanataka sehemu ya pili ya bata.

Feruzi, najua unasoma juu ya bega langu. Nani alikutoa mu matope? Basi shuka, ndugu yangu, usukume kidogo. Mi nachunga kiti.